Nukta Mbili za Masika

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo. Wanaosimulia siku hizi wanasema bomu, lakini mimi uso wangu ulikuwa pale pale na nilisikia "pwaa," kama mtu aliyeshindwa kuzuia chafya kanisani. Kisha kahawa yote ikaniingia usoni, maji ya moto pamoja na unga wake. Mkono wa mashine, yaani kile kikombe cha chuma chenye mpini kinachobeba kahawa iliyosagwa, ukaruka ukanigonga kifundo cha mkono, ukaanguka sakafuni ukizunguka. Jicho la kushoto likajifunga lenyewe.

Ilikuwa asubuhi ya masika, mvua inapiga bati mpaka wateja wanaagiza kwa vidole. Bi Tekla, mpishi wetu mkuu, alinivuta hadi kwenye sinki akanifungulia bomba kichwani. Nimeinama hapo, nasikia viatu vya Evarist, meneja wetu, vinakuja mbio. Nikajua anakuja kuniuliza hali. Akauliza, "Mashine imepona?"

"Imepona, meneja," Bi Tekla akamjibu bila kugeuka. "Ila ina mshtuko. Labda uiwahishe hospitali."

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu ndiyo mnayoniuliza kila tukikutana sokoni. Wewe Neema na wenzako mnaosimama nyuma ya kaunta ile sasa, mmeniomba niwaandikie nilichokijua. Nimeishia darasa la saba, mtanivumilia mwandiko. Vyeo siandiki kwa kuwa sikupewa, na mshahara mnaujua. Nitaandika hewa. Miaka kumi na moja nilifanya kazi na hewa ya Ifakara, huku nikidhani nafanya kazi na kahawa.

Kabla ya hapo nilikuwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kazi yangu ilikuwa kupokea magunia na kusema lipi limekauka, lipi lirudi juani. Hatukuwa na kipimo zaidi ya meno. Unachomoa punje, unaiuma. Ikikatika kwa mlio, kach, imekauka, weka kwenye foleni. Ikilala chini ya jino kama ubani wa kutafuna, mwenye gunia arudi akaanike, hata alie. Ukikoboa mpunga mbichi mchele unapondeka, na hapo atalia zaidi. Niliuma punje miaka mingi kiasi kwamba jino langu moja la mbele limechongoka. Mwenye mashine alipofunga, nyumba ya wageni iliyokuwa jirani ikaniita. Walikuwa wamenunua mashine ya espreso kwa ajili ya wageni wanaokuja kufanya tafiti na semina hapa mjini, na hakuna aliyetaka kuisogelea. Wakasema, yule mama amezoea mashine.

Aliyeileta na kutufundisha ni fundi Sadiki, kutoka Dar es Salaam. Mlikumbuke jina hilo. Ilikuwa Agosti, kiangazi, vumbi la barabara limetanda mpaka kwenye kope. Alitufundisha siku tatu. Unasaga, unapima gramu kumi na nane, unashindilia, unafunga mkono, unabonyeza. Maji yanasukumwa kwa nguvu kupita kwenye kahawa iliyobanwa, na baada ya sekunde ishirini na saba kikombe kidogo kimejaa. Ukisaga laini sana maji yanashindwa kupita. Ukisaga nene yanapita yanakimbia, unapata maji machafu. Unene unaamuliwa na pete ya chuma iliyo shingoni mwa kisagio. Sadiki aliipanga, akasema, "Basi. Hapa pasiguswe."

Nikamuuliza, "Na mvua ikinyesha?"

"Mama, mashine iko ndani. Mvua inanyesha nje."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti.

Kwa miezi mitatu alikuwa sahihi. Kahawa ilishuka kama mkia wa panya, nyembamba, rangi ya asali, na juu yake povu zito ambalo sukari inakaa kidogo kabla ya kuzama. Mteja wangu wa kwanza wa kudumu alikuwa Masanja, mfugaji wa Kisukuma, ng'ombe wake walikuwa upande wa Chita na alikuja mjini siku za mnada. Nilipomwekea kikombe mara ya kwanza alikitazama, akatazama chini ya kisahani.

"Dada, hii ndiyo yote au umenionjesha kwanza?"

"Ndiyo yote."

"Kwetu kiasi hiki tunampa ndama mwenye minyoo."

Akanywa. Akasema, "Ndama huyo angepona," akaagiza kingine.

Mvua za kwanza zilipoingia, kahawa ikagoma. Sijabadilisha kitu: gramu zile zile, pete pale pale, lakini sekunde ishirini na saba zikawa arobaini, zikawa hamsini. Ikadondoka tone, tone, nyeusi kama dawa ya viatu, chungu ya kukunja ulimi. Sasa mimi mtu wa mpunga nilifanya nini? Nilichukua kahawa yote, kilo nne, iliyokwishakaangwa, nikaenda kuianika juani kwenye turubai uani, pembeni ya mpunga wa Bi Tekla. Niliipindua kwa mguu kama tunavyopindua mpunga. Saa tisa alasiri ilikuwa inang'aa mafuta na kuku wawili wameshapita juu yake.

Masanja alionja akaweka kikombe chini taratibu. "Dada, leo kahawa ina makapi."

Bi Tekla ndiye aliyenifundisha, na hakuwahi kugusa mashine ile maisha yake yote. Alikuwa amepikia wageni tangu msichana, mama mfupi, Mpogoro, haongei mpaka umeharibu kitu. Aliniita jikoni.

"We Skolastika, kitu kimeshapita motoni, unakirudisha juani kikafanye nini?"

"Kimelowa, Bi Tekla."

Akanipa kichupa cha chumvi. "Tikisa." Nikatikisa. Haikutoka hata punje. "Jana ilitoka?"

"Ilitoka."

"Nani kaimwagia maji?"

"Hakuna."

"Basi hayo maji yametoka wapi?"

Nikaangalia meza, nikaangalia dari, kavu. Halafu nikaelewa, na nilivyoelewa nikakaa kwenye kiti. Maji yalikuwa mle mle tuliposimama, kati yangu na yeye. Tulikuwa tunayavuta puani tukiongea. Sadiki alisema mvua iko nje, kumbe mvua ilishaingia zamani, imekaa kwenye viti pamoja na wateja, na kahawa iliyosagwa ilikuwa inainywa. Kila chembe inavimba kidogo sana, jicho halioni, lakini zikishindiliwa pamoja zinaziba njia na maji yanakosa pa kupita. Nimezaliwa katika bonde hili, nimetokwa jasho lake tangu utotoni, na sikuwahi kujua kwamba naishi ndani ya maji.

Tangu siku hiyo nikaanza kuuma kahawa kila asubuhi. Kiangazi punje inavunjika kama kioo. Masika inajikunja kwanza, kidogo tu, kama mtu anayefikiria, ndipo ivunjike. Halafu nasaga kidogo na kufumbata kiganjani. Ikimwagika kama vumbi, hewa ni kavu. Ikibaki na alama za vidole kama ugali, hewa imeshiba. Niliomba rangi ya kucha nyekundu, nikaweka nukta kwenye pete ya kisagio. Alama ya Sadiki ilikuwa ya kiangazi. Nukta moja kuelekea unene, ya mawingu. Nukta mbili, masika. Kutoka nukta hadi nukta hapafiki upana wa punje ya mchele. Upana huo ukiusogeza, kahawa iliyokuwa inadondoka kama bomba bovu inarudi kutiririka rangi ya asali, na yule mteja anayekuja na kitabu chake anakunywa bila kujua kwamba muda mfupi uliopita bonde zima lilikuwa limekaa kooni mwa kikombe chake. Nilifanya hivyo maelfu ya mara. Sikuwahi kuzoea. Hata leo nikiikumbuka kahawa ikirudi, nywele zinanisisimka.

Kuna alasiri moja mbingu ilikuwa safi, buluu tupu, na milima ya Udzungwa inaonekana mpaka mikunjo. Nimekamua kahawa, sekunde thelathini na nne. Nikasafisha, nikarudia, thelathini na sita. Nikatoka mlangoni, sikuona wingu. Nikafungua nukta moja huku najiona mjinga. Haikupita nusu saa, upepo ukashuka kutoka mlimani ukiwa na harufu ya udongo, na mvua ikapiga mpaka mabango yakalala. Bi Tekla alikuwa ameniona nikigeuza pete. Alijifanyia ishara ya msalaba, halafu akasema, "Na mimi nimeanika."

Habari ikaenea. Majirani wakaanza kuchungulia dirishani asubuhi. Hawanunui chochote, wanauliza tu.

"Skola, nianike?"

"Ngoja nikamue." Nakamua, nahesabu. "Subiri mpaka saa nne."

"Kahawa imesema?"

"Imesema."

Mara moja ilinidanganya, au mimi sikuisikia vizuri, na magunia mawili ya Bi Tekla yakaloa. Alininyima chai siku tatu. Lakini nyingine zote mpunga wa mtaa ule ulikauka kwa ushauri wa mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya wageni. Masanja naye akawa haanzi safari ya Chita kabla hajaona kikombe chake kinavyoshuka. Alikuwa anasema ng'ombe wake hawajawahi kunywa kahawa lakini wanaendeshwa nayo.

Umeme ukikatika ndipo kazi inakuwa kazi. Feni inasimama, na fukuto linashuka kama blanketi bichi. Kahawa iliyoachwa kwenye kisagio usiku wa namna hiyo msiitumie, itoeni, saga mpya. Mlango wa jikoni wenye mvuke ufungwe. Kopo lifunikwe kila mara, hata kama unarudi sasa hivi. Na mkono wa mashine usifungue mpaka umesikia "tshii." Ile tshii ni valvu inayotoa nguvu iliyobaki juu ya kahawa ukishazima. Bila tshii, nguvu bado imo, imekaa kimya inakusubiri.

Sasa Evarist.

Alikuja mwaka wangu wa kumi, mkononi karatasi ya kanuni iliyotiwa plastiki. Shikamoo alinipa siku ya kwanza, ya pili hakunipa. Akaona nukta zangu.

"Hizi nyekundu ni nini, mama?"

"Za hali ya hewa, meneja."

"Hapa hatutabiri. Mteja anataka ladha ile ile kila siku."

"Ndiyo maana nageuza. Ili yenyewe isibadilike, mimi lazima nibadilike."

Alinitazama kama anayemtazama mbuzi aliyejibu salamu. Wiki ile ile alikwangua nukta kwa wembe, akarudisha pete kwenye alama ya Sadiki, na akaitia gundi, ile ya supaglu, matone matatu kuizunguka. Mwezi ulikuwa Agosti tena. Alifanya mchana, mbele yangu na mbele ya Bi Tekla, akapuliza ikauke. Bi Tekla akamwambia, "Umefunga mlango, meneja, na funguo umeziacha ndani." Akadhani ni utani.

Masika yaliyofuata nilijitetea kwa kiganja. Gramu sikuruhusiwa kupunguza, alikuwa anazipima mwenyewe kwa mizani, lakini kushindilia hakuna mizani. Nilishindilia kama nampapasa mtoto, na maji yakapata upenyo. Kahawa haikuwa nzuri ila ilipita. Shida ni kwamba unga laini namna ile unarudi juu ukiziba valvu. Tshii ikaanza kupungua. Ikawa kama mtu anayepumua kwa pua moja. Nikamwambia Evarist, akamwita Sadiki.

Sadiki alikuja, akanywa kahawa mbili, akagonga ubavu wa mashine mara moja kwa kidole kama anayenunua tikiti maji, akaandika kwenye kadi ya matengenezo iliyo ukutani: valvu imesafishwa. Nikaenda kuangalia. Skrubu za kifuniko zilikuwa na vumbi lake lote, halijaguswa.

"Fundi, hujafungua."

"Mama, unanifundisha?"

"Nakuuliza."

"Wewe mashine yako ni ya mpunga," akasema, na Evarist akacheka.

Siku yenyewe mvua ilikuwa haijakatika siku tatu. Mto Lumemo ulikuwa umepanda, chumvi ilikuwa imekufa wiki nzima, vitabu vya wageni vimevimba kama mikate. Asubuhi niliuma punje ya kahawa, ikajikunja na haikuvunjika kabisa. Miaka kumi na moja sijawahi kuona. Nakiri kwamba kabla ya kuogopa nilistaajabu. Nilisimama na punje ile mdomoni nikawaza, ni maji kiasi gani yamesimama juu yetu muda huu, na hayaanguki?

Nikamfuata Evarist ofisini. "Meneja, leo bila kubandua hiyo pete sitakamua."

"Basi nenda nyumbani. Neema atakamua."

Neema, ulikuwa na wiki mbili kazini. Ulikuwa unashika mkono wa mashine kwa mikono miwili. Ningeweza kwenda nyumbani, na hilo nalibeba mimi, silitupi kwa mtu. Nilirudi kaunta nikakutuma stoo ukahesabu vikombe. Vikombe havikuwa na haja ya kuhesabiwa.

Nilishindilia kwa uzito wa kidole. Nikabonyeza. Mashine ikanguruma, halikutoka hata tone. Nikazima. Nikasubiri tshii, haikuja. Mshale wa kupimia nguvu ya maji ulishuka mpaka chini, sawa, lakini mshale unapima bomba, haupimi kilichofungiwa juu ya kahawa. Nikahesabu mpaka sitini. Nikaongeza kumi za woga. Mngefanya nini zaidi? Mkono ule hauwezi kukaa pale hadi kiangazi. Nikaugeuza kidogo, upana wa punje ya mchele.

Hospitali walinihudumia vizuri, sina neno. Jicho limebaki na mwanga tu, kama unaangalia dunia kupitia kanga iliyoloa. Pigo la pili nililiona kabla ya kutoka wodini: karatasi ya Evarist, iliyosainiwa na Sadiki. Uzembe wa mhudumu. Alifungua mkono kabla ya wakati. Gundi haimo. Valvu imo, imeandikwa ilisafishwa, ushahidi ni kadi ya ukutani. Kisha nikastaafishwa kwa sababu za afya, nina miaka hamsini na mbili, wakanipa saa ya ukutani. Labda niendelee kuhesabu sekunde.

Niko Lipangalala sasa, nalima mpunga wangu na kuuanika mwenyewe. Kovu lililo shavuni linakaza kabla ya mvua. Nikiwa nimekaa uani, mbingu safi, linakaza, nami nakunja turubai, na majirani wakiniona nao wanakunja ya kwao. Hewa ya bonde hili sijaichukia. Mngetegemea niichukie. Lakini haikufanya hila yoyote. Ilisema mapema, kwenye chumvi, kwenye jino, kwenye kiganja, kwenye tone linalochelewa. Sijawahi kufanya kazi na bosi aliyetoa taarifa kamili namna ile. Kila nikipumua asubuhi nasikia uzito wake ukiingia na kutoka, na naona ni jambo kubwa kuliko kanisa, kwamba kitu kisichoonekana kinaingia kwenye chembe ya kahawa na kuiamrisha.

Wiki iliyopita Neema alikuja kunisalimu, kaniletea kahawa kwenye chupa ya chai. Nikaonja. Nikamuuliza sekunde ngapi, akasema thelathini na moja. Nikamuuliza pete.

"Bado ina gundi, mama."

"Na kadi?"

"Ina sahihi mpya ya Sadiki."

"Na skrubu?"

Akaangalia chini. "Zina vumbi."

Kwa hiyo hii siyo barua ya kuagana. Evarist, karatasi hii nimemwambia Neema aibandike kaunta, penye ile yako ya plastiki, wateja wasome. Siombi kitu kingine, naomba ujibu mbele yao. Nani alitia gundi kwenye pete ile? Sadiki, kifuniko cha valvu ulikifungua kwa bisibisi ipi, siku gani, nani alikuona? Kama mimi ndiye mzembe, mvua ya kwanza ikinyesha njooni wote wawili, kamueni kwa pete hiyo hiyo, halafu mmoja wenu aufungue mkono, uso wake ukiwa pale ulipokuwa wangu. Mimi nilihesabu mpaka sabini. Ninyi mtahesabu mpaka ngapi? Kama hamuwezi kusimama pale, basi na Neema asisimame, na lile neno uzembe lifutwe mbele ya jina langu.

Leo asubuhi kovu limeanza kukaza. Nijibuni kabla chumvi haijaganda.